Namna ya Kutambua na Kuzuia Ulikaji wa Metali Unaoletwa na Petroli Yenye Ethanoli

Petroli tupu haina kawaida ya kula chuma. Msumari uliozamishwa katika chupa ya petroli kavu na kufunikwa vizuri unaweza kukaa humo miezi mingi ukatoka ukiwa bado unang'aa, kwa sababu petroli karibu haipitishi umeme kabisa, na maji inayoweza kuyameza ni matone ya kuhesabu. Ethanoli, yaani alkoholi ileile inayopatikana kwa kuchachusha miwa, mahindi au mihogo, hubadilisha mambo hayo yote mawili kwa pamoja: hupitisha umeme kuliko petroli, tena huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Mwongozo huu unaeleza jinsi mabadiliko hayo yanavyoishia kwenye kabureta yenye vishimo au tangi lililooza kwa ndani, kisha unaonyesha namna ya kuyapima mafuta, kusoma dalili na kuihifadhi mashine katika mazingira ya Dodoma na mikoa jirani.

Tanzania haijafanya uchanganyaji wa ethanoli kuwa sharti, kwa hiyo mwenye bodaboda anayejaza mafuta kila siku katika sheli za mjini Dodoma hana sababu ya kukosa usingizi kwa jambo hili. Hata hivyo majirani zetu wamelianza zamani. Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli ya miwa tangu mwaka 1982, na Zimbabwe nayo hufanya hivyo kwa sheria. Gari dogo linalojaza tangi Malawi, likavuka mpaka wa Kasumulu na kupanda kupitia Mbeya na Iringa, hufika Dodoma likiwa bado na mafuta hayo. Ukiongeza jenereta na pampu zinazoingizwa nchini zikiwa na maandishi kwenye kifuniko cha tangi yanayoruhusu mchanganyiko wa hadi asilimia 10, utaona kwamba fundi wa hapa anapaswa kulifahamu jambo hili kabla halijamfikia mezani.

Maji kwanza, ethanoli baadaye

Watu wengi husema kwamba ethanoli ni kali na ndiyo inayokula chuma. Usemi huo una ukweli nusu. Katika mchanganyiko wa kawaida wa asilimia 10, ethanoli iliyo safi na kavu haina madhara makubwa kwa metali nyingi. Madhara huanza pale inapobeba maji, na huongezeka mafuta yanapoachwa yakae. Anayeyafahamu mambo hayo mawili, maji na muda, ameshika sehemu kubwa ya kinga.

Tuchukue dumu la lita 20. Likiwa na petroli tupu, maji yanayoweza kuyeyuka humo bila kuonekana ni takriban mililita 3 tu. Yakizidi hapo hujitenga na kutulia chini. Likiwa na petroli yenye ethanoli asilimia 10, maji yanayoweza kufichama ni karibu mililita 100 katika joto la nyuzi 15 hivi. Mafuta hayo huonekana safi kabisa machoni, ilhali yamebeba maji mara 30 zaidi, na maji hayo yamesambaa kila mahali mafuta yanapofika, pamoja na chumvi yoyote iliyoyeyuka ndani yake.

Kikomo hicho kikivukwa, mafuta huvunjika na kuwa tabaka mbili. Ethanoli huiacha petroli, ikafuatana na maji, na kwa kuwa mchanganyiko wao ni mzito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, mahali lilipo tundu la kupeleka mafuta kwenye injini. Kwa hiyo dumu lililozidishiwa vijiko vichache tu vya maji linaweza kuonyesha tabaka la chini la lita moja au zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ethanoli imeshuka pia. Petroli inayobaki juu huwa imepungua oktani, yaani uwezo wa kuzuia injini isigonge, na ile ya chini haiwashi injini vizuri, lakini madhara kwa metali ndiyo makubwa zaidi: chini ya tangi sasa kuna kimiminika kinachopitisha umeme, chenye oksijeni na chenye asidi.

Baridi huvuta kikomo hicho chini. Mafuta yaliyokaa sawa mchana wa nyuzi 28 yanaweza kuvunjika usiku wa Juni au Julai, ambapo Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Vilevile kikomo hushuka ukiyazimua mafuta yenye ethanoli kwa petroli tupu, jambo ambalo madereva hawalitarajii. Gari lililotoka Malawi na nusu tangi ya mafuta yaliyokwisha kunyonya unyevu, likaongezewa petroli kavu Iringa au Dodoma, linaweza kutenganisha maji siku hiyohiyo, kwa sababu ethanoli iliyokuwa ikiyashikilia maji sasa imetawanyika katika mafuta mengi zaidi. Ni heri kulimaliza tangi la kwanza hadi karibu na mwisho ndipo ujaze jipya.

Asidi nayo ina njia yake. Ethanoli ikikutana na oksijeni hugeuka polepole kuwa asidi ya asetiki, na penye maji bakteria huiharakisha kazi hiyo. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanaijua safari hii bila kuambiwa na mtu: mvinyo ulioachwa wazi huwa siki, na kinachotokea katika maji yenye ethanoli chini ya tangi ni kilekile. Mvuke wa asidi hiyo hupanda pia, ndiyo maana tangi la chuma lililo nusu huweza kushika kutu kwenye dari yake, juu kabisa ya usawa wa mafuta, mahali ambapo mtu asingetarajia. Katika Marekani, kiwango cha shirika la viwango la ASTM, D4806, kinachosimamia ethanoli ya kuchanganywa na petroli kinaweka ukomo wa asidi kuwa asilimia 0.007 ya uzito, na viwanda huongeza dawa ya kuzuia ulikaji kabla mafuta hayajasafirishwa. Dawa hiyo husaidia mafuta yakiwa yamechanganyika; haiwezi kulilinda tangi lenye tabaka la maji chini.

Metali zenyewe hazilingani. Zinki na magnesi huathirika upesi, na risasi nayo ni dhaifu, jambo lililoyasumbua matangi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa bati la chuma lililopakwa mchanganyiko wa risasi na bati jeupe. Shaba na shaba ya njano huliwa polepole zaidi, ila shaba inayoyeyuka huyaharibu mafuta yenyewe kwa kuharakisha kutokea kwa gundi. Chuma cha kawaida hushika kutu penye maji. Chuma kisichoshika kutu, nikeli na plastiki ngumu ya madumu huvumilia vizuri. Brazil ilipoanza mpango wake wa ethanoli mwaka 1975 na kuendelea hadi magari yanayotumia ethanoli peke yake, kupaka nikeli ndani ya kabureta lilikuwa mojawapo ya marekebisho yaliyofanywa na watengenezaji.

Kisha kuna ugomvi wa metali mbili zinazogusana. Zikiwa pamoja ndani ya kimiminika kinachopitisha umeme, ile iliyo tayari zaidi kutoa elektroni huliwa, na mwenzake husalimika. Kabureta za pikipiki na pampu nyingi zina mwili wa mchanganyiko wa zinki na alumini, ilhali jeti zilizofungwa humo, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupimia mafuta, ni za shaba ya njano. Katika petroli tupu ndoa hiyo haina shida. Katika maji yenye ethanoli, mwili wa kabureta ndio unaolipa.

Alumini ina kisa cha peke yake, nami nakitaja kwa sababu kinakwenda kinyume na yote yaliyotangulia. Ngozi nyembamba ya oksaidi inayoikinga alumini huhitaji unyevu kidogo ili ijitengeneze upya inapokwaruzwa. Ethanoli iliyo nyingi, moto na kavu sana, hasa joto linapozidi nyuzi 100, huivunja ngozi hiyo na kuishambulia metali moja kwa moja, ikitoa haidrojeni; maji kidogo yakiongezwa, mashambulizi hukoma. Jambo hili linawahusu wahandisi wa mifumo ya injekta kwa mafuta yenye ethanoli nyingi, na halipaswi kumfanya mwenye pampu ya bustani aongeze maji kwenye tangi lake.

Kupima kama mafuta yana ethanoli

Kipimo hiki hakihitaji maabara, ila kinahitaji uangalifu: fanya kazi nje, mbali na jiko, sigara na jenereta inayofanya kazi. Tafuta chupa nyembamba ya kioo iliyo angavu na yenye kifuniko, pamoja na bomba la sindano la mililita 10 au 20 kutoka duka la dawa. Pima mililita 10 za maji safi, ziweke ndani ya chupa, kisha weka alama ya kalamu ya wino usiofutika mahali maji yanapoishia. Endelea kumimina maji kwa mililita moja moja na kuweka alama ndogo hadi ufike 20, halafu mwaga yote, kausha chupa, na urudishe mililita 10. Ongeza mililita 90 za petroli unayotaka kuipima. Funga, tikisa kwa nusu dakika, legeza kifuniko mara moja ili mvuke utoke, funga tena na uiache chupa itulie kwa dakika tano.

Mpaka kati ya maji na petroli utaonekana wazi. Ukibaki kwenye alama ya 10, petroli haina alkoholi ya kutajika. Ukipanda hadi 17 au 18, maji yameivuta ethanoli na mafuta yako yana takriban asilimia 10; ukifika 14, ni karibu nusu ya hapo. Kipimo kinapunja kidogo, kwa kuwa si ethanoli yote inayoiacha petroli, lakini kinatosha kujua unashughulika na nini. Usiyarudishe mafuta hayo ya kipimo kwenye tangi.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi nacho hutafuta maji yaliyokwisha kujitenga. Toa kikombe kimoja cha mafuta kupitia koki ya chini ya tangi baada ya mashine kulala usiku kucha, kimimine katika chupa angavu na uitazame dhidi ya mwanga. Ukungu mweupe ni dalili kwamba mafuta yako karibu na kuvunjika. Mstari ulio wazi karibu na kitako cha chupa ni dalili kwamba yamekwisha vunjika.

Kusoma rangi ndani ya kabureta

Kabureta iliyofunguliwa hueleza mengi kuliko mteja. Funga koki, fungua bakuli la chini na ulishike sawasawa ili kilichomo kisimwagike kabla hujakitazama. Unga mweupe, mkavu au wenye ute, uliotulia pembeni mwa bakuli, hutokana na zinki au alumini ya mwili wa kabureta. Ukiupangusa kwa kitambaa ukakuta chini yake uso laini, mashine imewahiwa mapema. Ukikuta vishimo vidogo vinavyokamata ncha ya kucha, ulikaji umeingia ndani, na hasa vikiwa kwenye kiti cha sindano ya kielea, mahali panapofunga mafuta bakuli likijaa, kabureta hiyo itavuja hata ikisafishwa namna gani.

Rangi ya kijani au ya samawati juu ya jeti ni chumvi za shaba zilizotengenezwa na asidi. Jeti ya shaba ya njano iliyogeuka kuwa na wekundu wa waridi inahitaji jicho makini zaidi, maana zinki imetoka ndani yake na kuacha shaba nyekundu yenye vinyweleo. Itaonekana nzima, lakini hukatika kichwa inapofunguliwa kwa bisibisi. Chenga za kahawia nyekundu hazitoki kwenye kabureta kabisa. Ni kutu ya tangi la chuma iliyosafiri na mafuta, na kuisafisha kabureta bila kulifungua tangi ni kujipa kazi ya wiki ijayo.

Utando wa njano au kahawia unaonata, wenye harufu ya rangi iliyokaa, usiuhesabu kuwa ulikaji. Hiyo ni gundi ya petroli iliyozeeka, na hutokea hata pasipo ethanoli. Nimeona mafundi wakiilaumu ethanoli kwa kila kabureta iliyoziba, na katika mji ambao mafuta yake kwa kawaida hayana ethanoli, lawama hiyo mara nyingi huwa si ya haki. Rangi ndiyo inayotenganisha kesi hizo mbili.

Kuhifadhi mashine na mafuta

Hatari kubwa katika ukanda huu ipo kwa mashine zinazolala, na kalenda ya kilimo ndiyo inayoamua zilale lini. Mvua za Dodoma huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba na kuisha Aprili. Katika miezi hiyo mkulima wa mboga wa Bahi au Chamwino haihitaji pampu ya kumwagilia, kwa hiyo huiweka ghalani ikiwa na mafuta kidogo tangini, na huo ndio wakati pekee wa mwaka ambapo hewa yetu ina unyevu mwingi. Tangi lililo nusu hupumua: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hewa yenye unyevu huingia. Maji yanayoingia kwa njia hiyo ni machache na hujikusanya taratibu. Mengi zaidi huingia kwa kifuniko chenye mpira uliokufa, dumu lililoachwa wazi uani, au mafuta yaliyokuja na maji yake tangu yaliponunuliwa. Kwa hiyo anza na kifuniko kabla hujahangaika na hewa.

Mashine itakayolala zaidi ya mwezi mmoja, na ambayo mafuta yake yana ethanoli, ni bora imwagwe kabisa. Toa mafuta ya tangi kupitia koki, washa injini na uiache izime yenyewe kwa kukosa mafuta, halafu fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta ili tone la mwisho litoke, maana injini huzima bakuli likiwa bado na mafuta kidogo, na hayo madogo ndiyo hukauka na kuacha unga mweupe. Tangi la chuma lililobaki tupu lipakwe oili nyepesi kwa ndani kwa kumimina kiasi kidogo na kuligeuzageuza. Kama huwezi kulimwaga, basi lijaze hadi juu ili hewa isipate nafasi. Tangi la nusu ndilo baya kuliko yote mawili. Jenereta ya akiba inayongoja umeme ukatike ni ya namna hii pia, na wenye nayo huisahau zaidi kwa kuwa inaonekana iko tayari.

Mafuta ya akiba yawekwe katika dumu la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, lijazwe karibu na juu, lifungwe na kuwekwa kivulini. Ndoo au pipa la bati lenye zinki halifai kabisa kwa mafuta yenye ethanoli, kwa kuwa zinki hiyo itayeyuka na kukufuata hadi kwenye injini. Mafuta yenyewe yatumike ndani ya miezi miwili au mitatu.

Jambo lingine ambalo miongozo ya nchi za mvua nyingi hailisemi ni chumvi. Visima vingi vya Dodoma na Singida hutoa maji ya chumvi au ya magadi, na mtu akiosha dumu au tangi kwa maji hayo, kisha akaliacha likauke juani, kloridi za chumvi hiyo hubaki ukutani zikisubiri ethanoli izizoe. Kloridi hutoboa ngozi ya oksaidi ya alumini na kuanzisha vishimo hata zikiwa chache sana. Tumia maji ya mvua kwa suuza ya mwisho, au usitumie maji kabisa: suuza kwa petroli kavu kidogo.

Kama ulikaji umekwisha anza

Mafuta yaliyovunjika hayarudishwi kwa kutikiswa, wala kwa kuongezewa spiriti. Toa yote, tabaka la juu na la chini, kwa kuwa hata lile la juu limepungua oktani na linaweza kuifanya injini igonge. Badilisha filta mara moja, na tena baada ya tangi moja au mawili, kwa sababu ethanoli huosha uchafu wa zamani uliokuwa umeganda na kuusukuma mbele.

Kabureta yenye unga mweupe isafishwe kwa dawa ya kabureta na brashi laini. Jeti zipulizwe kwa hewa au zipitishwe uzi wa nailoni. Waya wa chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuka italewesha injini kwa mafuta hadi itakapobadilishwa. Oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, zilizovimba zibadilishwe pamoja.

Tangi la chuma lenye kutu nyepesi linaweza kuoshwa kwa siki nyeupe iliyoachwa humo siku moja au mbili, pamoja na kokoto safi za kutikisa. Ni asidi ileile iliyoleta madhara, safari hii ikiwa chini ya usimamizi wako, na kwa sababu hiyo usiitumie kwa kabureta wala tangi la alumini. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuiua asidi iliyobaki, kisha kwa maji ya mvua, kausha papo hapo kwa hewa ya moto isiyo na mwali, na upake oili siku hiyohiyo, kwani chuma kilichotoka kwenye asidi hushika kutu upya ndani ya saa chache. Tangi lililotoboka lisipelekwe kuchomelewa likiwa na harufu yoyote ya mafuta.

Kimiminika cha chini ulichokitoa bado ni hatari ya moto, na mwali wa ethanoli ni wa samawati hafifu usioonekana vizuri kwenye jua la mchana, kwa hiyo kisijaribiwe kwa kiberiti. Kikusanye katika dumu lenye alama na ukipeleke gereji inayopokea oili chafu. Kisimwagwe mferejini wala karibu na kisima: ethanoli huisaidia petroli kusafiri mbali zaidi katika maji ya ardhini, na sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma huvutwa kutoka visima vya Makutupora.